Matembezi ya Jumamosi: Familia ya Kwetu Katika Nchi ya Ujerumani



Katika sherehe za namna hii ni desturi kusimulia habari za wageni waliokuja kwetu. Kitabu hiki cha jubilei nacho kina kurasa nyingi za aina hiyo. Zinaeleza jinsi wamisionari wa Leipzig walivyofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanzia kazi Machame, wakaishangaa mifereji, migomba na theluji ya mlimani, na yote hayo wakayaandika na kuyapiga picha. Waliandika sana, wao wenyewe hawakuandikwa sana. Watu wa kwetu waliopita njia hiyohiyo kwa upande wa pili, wakaenda kukaa katika nchi ya wale wamisionari na kuwatazama wao, hawajapewa nafasi kubwa katika vitabu vyetu. Kwa hiyo Kamati ya Maadhimisho imeona vema kwamba katika mazungumzo ya juma hili jioni moja itengwe kwa ajili yao. Somo lenyewe si kubwa. Ni matembezi ya familia moja, siku za Jumamosi.

Familia hiyo ilikaa Leipzig tangu mwaka 2008 hadi mwaka 2011, baba akiwa masomoni kwa kutumwa na Kanisa. Majina yao hayatatajwa, kwa kuwa ndivyo walivyoomba wenyewe. Walikuwa watu watano: baba, mama, binti aliyekuwa na miaka kumi na miwili walipofika, mdogo wake wa kiume mwenye miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka mitano ambaye alilia siku tatu mfululizo alipogundua kwamba huko hakuna kuku wanaotembea uani. Waliishi ghorofa ya nne katika nyumba ya vyumba viwili. Majira ya baridi ya kwanza yaliwafungia ndani. Watoto walirudi kutoka shuleni giza limekwisha ingia, na mama, ambaye nyumbani alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya, alijikuta hana wa kusalimiana naye kutwa nzima isipokuwa jirani mmoja wa ngazini.

Ni jirani huyo aliyewafungulia mlango. Aliwaeleza kwamba shirika la reli la nchi ile huuza tiketi ya mwisho wa juma. Kwa bei moja isiyofika yuro 40, watu wasiozidi watano waliweza kusafiri siku nzima, Jumamosi au Jumapili, kokote ndani ya nchi, mradi wapande treni za kawaida zinazosimama kila kituo na wasiguse zile za mwendo wa kasi. Tiketi hiyo iliondolewa mwaka 2019, lakini katika miaka ile ilikuwa ukombozi wa wanafunzi na wenye posho ndogo. Watu watano, tiketi moja! Mama alisema kwamba tiketi hiyo ilitengenezwa na mtu aliyewahesabu kwanza.

Basi, takriban mara moja kwa mwezi, familia ilidamka alfajiri na kushika njia ya kituoni ikiwa na maandazi, mayai ya kuchemsha na chupa kubwa ya chai ya maziwa, maana chakula cha vituoni kilikuwa ghali. Mama alinunua daftari nene, lile ambalo kwetu huitwa kaunta buku, akaweka sheria. Kila safari iandikwe tarehe, mahali na kilicholiwa, na kila mmoja, baba naye akiwemo, aandike swali moja juu ya kitu alichokiona. Jibu likipatikana liandikwe chini yake. Lisipopatikana, nafasi iachwe wazi. Yote yanayosemwa jioni hii yanatoka katika daftari hilo.

Safari ya kwanza, kama ilivyotarajiwa, ilikuwa ya Wittenberg, mwendo wa kama saa moja tu kutoka Leipzig. Baba alikuwa amewaandaa watoto kwa majuma mawili. Aliwasimulia juu ya mtawa aliyeshika nyundo, mlango wa kanisa na zile hoja 95 za mwaka 1517. Walipofika mbele ya Kanisa la Ngome, yule wa kiume akausogelea mlango, akaukagua juu hadi chini, kisha akauliza: "Baba, matundu ya misumari yako wapi?" Hayakuwapo. Mlango wa zamani uliteketea mwaka 1760 wakati wa Vita vya Miaka Saba, na huu unaopigwa picha na mahujaji wa dunia nzima ni wa shaba nyeusi, uliowekwa mwaka 1858 kwa amri ya mfalme wa Prussia, ukiwa na hoja zote zimechorwa juu yake kwa Kilatini. Mtoto alihuzunika kana kwamba ametapeliwa. Baba naye alihuzunika kidogo, ingawa tarehe zote mbili alizijua kutoka chuoni. Kuijua tarehe ni jambo moja, na kusimama mbele ya mlango usio wenyewe ukiwa umeshika mkono wa mwanao ni jambo jingine. Ndani waliliona kaburi la Luther karibu na mimbari, na kitinda mimba akaandikiwa swali lake: "Mbona mtu mkubwa ana kaburi dogo?"

Yaliyowapata mchana wa siku hiyo hawakuyatarajia. Walikwenda katika kanisa la mji, la Mtakatifu Maria, ambalo Luther alihubiri humo mara nyingi na ambalo madhabahu yake ina picha za Cranach za mwaka 1547. Watoto walifurahi kumwona Luther amechorwa akiwa mimbarini, kidole kikimwonyesha Kristo msalabani. Walipotoka wakazunguka kanisa kwa nje wakitafuta mahali penye jua pa kunywea chai. Kwenye pembe ya kusini-mashariki mama aliona bamba la shaba limelazwa ardhini, lenye maandishi ya Kijerumani na Kiebrania. Akajaribu kusoma. Kisha akainua macho kutafuta kitu ambacho bamba hilo lilikuwa linakizungumzia.

Juu ya ukuta kuna sanamu ya mawe iliyochongwa karibu mwaka 1300. Inaonyesha nguruwe jike, na watu waliochongwa wakiwa na kofia za Wayahudi wananyonya maziwa yake, na mmoja ameinua mkia wa mnyama anatazama nyuma yake. Ilichongwa kwa makusudi ya kuwadhalilisha Wayahudi kwa kile ambacho torati yao inakiita najisi, nayo imo katika ukuta wa nyumba ya Mungu. Bamba la chini liliwekwa mwaka 1988 na usharika wenyewe, kuwakumbuka Wayahudi milioni sita waliouawa.

Binti aliuliza kama Luther aliiona sanamu hiyo. Katika daftari, swali hilo limeandikwa kwa mkono wake, na jibu limeandikwa na baba yake majuma matatu baadaye, baada ya kwenda maktaba: Ndiyo. Luther aliiona na aliiandika habari yake katika kitabu cha mwaka 1543, si kwa kuikemea, bali kwa kuitumia kuwadhihaki Wayahudi. Mwaka huohuo aliandika kitabu kingine akiwashauri watawala wachome masinagogi yao na kubomoa nyumba zao. Baba alikuwa amefundishwa habari hiyo chuo cha theolojia kwa sentensi mbili, zilizopita upesi kama gari kwenye daraja bovu. Chini ya jibu hilo aliongeza kwamba mwaka 1983 wajumbe wa Shirikisho la Kilutheri Duniani walikutana na wajumbe wa Wayahudi huko Stockholm, na kwamba Walutheri walikiri hapo kuwa maneno hayo ya Luther hawawezi kuyakubali wala kuyatetea.

Inawezekana kuna wanaoona kwamba habari hii haifai kusomwa katika sikukuu ya Walutheri. Inafaa. Usharika wa Wittenberg wenyewe haukuificha. Ungeweza kung'oa jiwe lile usiku na kupaka chokaa, watalii wasingejua. Wengi walitaka liondolewe, na kesi ilifika hadi mahakama ya juu, ambayo mwaka 2022 iliamua kwamba linaweza kubaki kwa sababu ya bamba na maelezo yaliyowekwa pamoja nalo. Watu wema bado hawakubaliani juu ya uamuzi huo. Ila familia ile ilijifunza siku hiyo namna ya kutembea: kutazama kile ambacho mwenyeji anakionyesha, kisha kuizunguka nyumba kwa nje.

Safari ya Eisenach, kwenye ngome ya Wartburg, haina haja ya kurefushwa. Ni kupanda kwingi, na watoto wa mlimani waliwaacha wazazi nyuma. Waliona chumba ambamo Luther alijificha tangu Mei 1521 hadi Machi 1522, akalitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa majuma kama kumi na moja. Chini ya meza kuna pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi, iliyotumika kama kigoda cha kuwekea miguu, na kitinda mimba hakutaka kuona kingine chochote. Doa la wino, ambalo husemwa kwamba Luther alimtupia Shetani kidau, halipo tena, kwa maana wageni wa karne nyingi wamekuwa wakiukwangua ukuta na kuondoka na chokaa mifukoni. Mama aliandika swali lake hapo: "Luther alitafsiri akiwa kwao, kwa lugha ya mama yake. Krapf alipoanza kutafsiri kwa Kiswahili Mombasa mwaka 1844, nani alikaa naye akamwambia neno hili husemwa hivi?" Nafasi iliyo chini ya swali hilo ni tupu. Ni nusu ukurasa.

Na Leipzig kwenyewe waliona mengi bila tiketi. Oktoba 9, 2009 mji uliadhimisha miaka ishirini tangu watu wapatao 70,000 walipotoka katika sala za Jumatatu za Kanisa la Nikolai na makanisa mengine na kuizunguka barabara ya mji wakiwa na mishumaa, askari wakiwatazama na wasipige hata risasi moja. Familia ilisimama usiku ule katika baridi, kila mmoja na mshumaa wake. Walikuwa wamekwisha kuwapenda watu wa mji huo. Ni vema jambo hilo likumbukwe katika yanayofuata, kwa sababu walichokikuta baadaye hawakukikuta kwa maadui.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2010 walikwenda Berlin. Ni mwendo mrefu kwa treni za tiketi ile, zaidi ya saa mbili na kubadili njiani. Mvulana alikuwa ameomba dinosaria kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, na katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Berlin yumo mmoja ambaye hana mwenzake: mifupa iliyosimamishwa yenye urefu wa meta 13.27 kwenda juu, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Aliyeingia mbele alikuwa mvulana. Alisimama, akainua kichwa mpaka kofia ikaanguka nyuma. Kisha akasoma kibao, na wote wakamsikia akipiga kelele kwa Kiswahili, katikati ya ukumbi uliojaa Wajerumani: "Baba! Anatoka kwetu! Anatoka Lindi!"

Naam, anatoka Lindi. Kilima cha Tendaguru kiko ndani ya mkoa wa Lindi, na huko, kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu kutoka Berlin walichimba mifupa ya wanyama waliokufa miaka kama milioni 150 iliyopita. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Kila kipande kilifungwa, kikatiwa ndani ya matete au mianzi, kikabebwa kichwani au kwa mti mabegani, kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia. Ikumbukwe pia ni miaka gani: Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, na kusini yote ilikuwa imetoka katika njaa ambayo serikali ya Kijerumani iliisababisha kwa kuchoma mashamba na maghala. Waliochukua kazi ya kubeba mifupa walikuwa watu waliosalia.

Swali la mvulana siku hiyo ni fupi kuliko yote: "Nani alibeba mguu?"

Baba alilifanyia kazi swali hilo kuliko insha zake za chuo. Majina ya wakuu wa msafara yalipatikana bila taabu: Werner Janensch, Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Kwa upande wa Waafrika alipata jina moja lililotajwa kwa heshima, la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye Wajerumani wenyewe walisifu ustadi wake wa kuitambua mifupa na kuitoa bila kuivunja. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipoeleza aina mpya ya dinosaria kutokana na mifupa ya Tendaguru, aliiita Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka yeye. Mvulana alifurahi mno. Akaandika jina hilo kwa herufi kubwa. Kisha, akiwa mtoto mwenye haki, akaandika mbele yake: "Lakini huyu alikuwa msimamizi. Nani alibeba?"

Potsdam waliikusudia mwaka huohuo, kwa ajili ya bustani. Baba alikuwa na sababu yake aliyoificha, maana alitaka kuiona kwanza yeye. Wote waliokulia kwetu wamefundishwa kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 6, 1889. Pengine si wote wanaojua kwamba Meyer alikuwa mtu wa Leipzig, wa ukoo wa wachapaji wa kamusi elezo maarufu, na kwamba alipoteremka alichukua jiwe la kileleni, nusu moja akabaki nayo na nusu nyingine akampa Kaisari Wilhelm wa Pili. Kaisari akaliweka katika ukumbi wa kasri lake jipya, Neues Palais, ambao kuta zake zote zimepambwa kwa kombe za bahari na madini kutoka pande nyingi za dunia. Kilele chenyewe kikapewa jina la Kaisari.

Familia ikaingia. Watoto wa Kilimanjaro, wamevaa viatu vilivyopigwa rangi, walitembea polepole katika ukumbi unaometameta, wakitafuta mlima wao ukutani. Mwelekezi aliyekuwapo, mama mtu mzima mwenye adabu, alipojua walikotoka aliwaonyesha mahali penyewe. Kisha, kwa uaminifu unaostahili kusifiwa, akawaambia jambo ambalo hakulazimika kulisema: jiwe lililopo si lile. La asili lilikwisha kupotea, na mahali pake pakawekwa jingine.

Baba alisema baadaye kwamba hakujua acheke au alie. Mama alicheka. Alicheka mpaka akaketi. Mlima umeibiwa jiwe, na mwizi naye ameibiwa! Lakini binti hakucheka. Katika daftari ameandika kwamba mwaka 1848, Mei 11, mmisionari Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro na kuandika kwao, wasomi wa Ulaya walimkatalia wakasema haiwezekani. Na kwamba miaka arobaini baadaye walikuja kubeba kipande ili waamini. Na sasa wamekipoteza. Swali lake ni hili: "Kama wangetuuliza, bibi zetu wasingewaambia?" Ikumbukwe pia kwamba Meyer hakupanda peke yake. Katika kambi ya juu, karibu na theluji, alikaa naye Muini Amani wa Pangani, na maandishi ya Meyer mwenyewe yanamtaja.

Usiku ule katika treni wazazi walihitilafiana, na daftari halikulificha. Baba aliona imetosha. Watoto wasipelekwe tena mahali pa namna hiyo, wasije wakawachukia wenyeji waliowapokea vizuri. Mama aliona kinyume. Mtoto anayeona kitu na kukatazwa kuuliza, alisema, hataacha kuuliza, ataacha kukuuliza wewe. Wakasafiri hadi Leipzig bila kuongea. Jambo zito zaidi lilikuwa halijasemwa bado, nalo ni la Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi Machi 2, 1900 pamoja na wenzake, na ambaye ukoo wake umeamini kwa vizazi vyote kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wazazi wote wawili walijua habari hiyo tangu utoto. Kila walipoingia katika jumba lolote la makumbusho, mmoja wao alitangulia vyumba viwili mbele, akatazama kwanza, ndipo akawaita watoto.

Mwaka uliofuata binti alikuwa katika mafundisho ya Kipaimara pamoja na vijana wa usharika wa pale. Mchungaji wao aliagiza kila kijana aeleze, mbele ya wazazi na wazee wa Kanisa, mahali palipomgusa. Wengine walieleza ziwa, uwanja wa mpira, kaburi la babu. Yeye alikwenda na picha tatu: nguruwe wa Wittenberg, mifupa ya Tendaguru, na ukuta wa Potsdam. Alizungumza Kijerumani chake cha shuleni kwa dakika kumi. Hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba mahali pa kwanza wenyeji waliweka bamba chini ya aibu yao, na alishukuru, kwa sababu bila bamba lile mama yake asingeinua macho. Akauliza bamba la mahali pa pili na la tatu litaandikwa na nani.

Ukumbi ulinyamaza kwa muda mrefu. Baba alikiri kwamba moyoni alikuwa tayari anatafuta maneno ya kuomba radhi. Ndipo akasimama mzee mmoja wa kike, mwalimu mstaafu, akasema kwamba katika kabati la nyumba ya baba yake umo mkuki, ulioletwa na mjomba wa babu kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akiwa mtoto aliucheza. Katika maisha yake yote, alisema, hajawahi kuuliza ulikuwa wa nani.

Jumapili iliyofuata aliuleta, umefungwa kwa shuka, akataka kumkabidhi baba wa familia ile. Hapo palikuwa na jaribu la kweli, kwa maana ingekuwa rahisi kuupokea mbele ya watu, kupigiwa makofi, na kurudi nyumbani na ukumbusho. Baba aliushika, akautazama, akaurudisha. "Mama," alimwambia, "sisi si wenyewe. Huenda hata hautoki kwetu. Nchi ile ni kubwa. Nikiuchukua, mimi nami nitakuwa mtu aliyeondoka na mkuki wa mwingine." Walichofanya ni kukaa pamoja alasiri moja, wakaandika yote ambayo yule mama alikumbuka: jina la mjomba, miaka aliyotumikia, mahali alipotaja katika barua. Binti akaandika kikaratasi kwa lugha mbili kikafungwa kwenye mpini: Mwenyewe anatafutwa. Mkuki ukarudi kabatini.

Tangu hapo mengi yametokea ambayo familia ile haikuyaona kwa macho. Mwaka 2022 wasanii walioshirikiana na Jumba la Grassi mjini Leipzig walianzisha mchango ili ile nusu ya jiwe ambayo Meyer alibaki nayo inunuliwe na kurejeshwa Kilimanjaro. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba kwa vipimo vya vinasaba wamepatikana ndugu walio hai nchini Tanzania wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni. La Mangi Meli halikuwa miongoni mwao. Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na nchi yake. Mama, alipoisikia habari hiyo redioni, alilitafuta daftari, akaandika tarehe hiyo katika ukurasa wa Potsdam, bila maelezo.

Familia ilirejea mwaka 2011. Likizo ya kwanza mvulana, ambaye alikuwa ameyaona makasri manne na makanisa yasiyohesabika, aliuliza kwa nini hawajawahi kwenda kutembea kwao. Swali lilikuwa la haki. Wakapanda Hiace hadi Old Moshi. Mwaka uliofuata walikuja hapa usharikani kwa ndugu, na mvulana akazunguka kanisa letu kwa nje, pembe zote nne, kisha akasimama mbele ya jiwe la msingi. Jiwe hilo kila mshiriki analijua: lina mwaka, na jina la mmisionari, na jina la fundi mkuu. Aliwauliza wazee waliokuwa wameketi chini ya mti ni nani waliobeba mawe kutoka mtoni. Mzee mmoja alitaja majina sita. Mwingine akaongeza manne, matatu kati yake yakiwa ya akina mama. Kisha wakaanza kubishana juu ya jina la kumi na moja, na ubishi huo, kama wazee wa Kanisa waliopo wanavyojua, haujaisha hadi leo.

Majina hayo kumi yameandikwa katika daftari, na la kumi na moja limeachiwa mstari. Familia imekubali daftari lenyewe liwekwe katika meza ya maonyesho ya jubilei, upande wa kulia wa mlango, karibu na picha za wainjilisti wa kwanza. Kalamu imefungwa kwa uzi pembeni. Anayejua jina aandike, na atakayelifungua anaombwa kwanza akaushe mikono, kwa sababu kurasa za Wittenberg zilikwisha mwagikiwa chai.